Namba Kwanza, Pesa Baadaye: Kununua Spea za Gari Mtwara na Lindi Bila Kuuziwa Feki

Spea nyingi zinazofungwa kwenye magari ya Mtwara na Lindi zimesafiri usiku kucha ndani ya buti la basi, zaidi ya kilometa 450 kutoka Dar es Salaam. Fundi anafungua gari asubuhi, anakuta boli jointi (kiungo cha mguu wa tairi) imekwisha, maduka ya karibu hayana, simu inapigwa Kariakoo, pesa inatumwa, na kesho yake boksi liko stendi. Gari bado liko juu ya jeki. Mwenye gari anatakiwa Tandahimba kwenye mnada wa korosho. Kurudisha mzigo Dar ni nauli nyingine na siku mbili nyingine. Feki hupenya hapo, kwenye haraka hiyo. Mara nyingi fundi anaiona kabisa kwamba si yenyewe, ila imeshalipiwa.

Ndiyo maana kazi kubwa ya kuikwepa feki hufanyika kabla pesa haijatoka mfukoni. Boksi likishafika Nachingwea au Newala, nafasi yako imebaki ndogo.

Jua kwanza unauziwa nini

Dukani maneno ni mengi: jenuini, orijino, OG, gredi wani, kopi, ya Japani, ya Dubai. Mengi kati yake hayana maana moja, kila muuzaji ana yake. Ukweli ni kwamba spea mpya ni za aina nne.

Ya kwanza iko kwenye boksi la mtengenezaji wa gari, tuseme Toyota au Nissan. Ya pili imetengenezwa na kiwanda kilekile kinachomuuzia mtengenezaji huyo, lakini imekuja kwenye boksi la kiwanda chenyewe: Denso, Aisin, Advics, NGK, KYB na wengineo. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi, kwa sababu ubora uko karibu na ule wa boksi la Toyota na bei huwa chini. Ya tatu ni ya kampuni nyingine inayotumia jina lake yenyewe. Humo kuna nzuri, za wastani na mbovu, lakini hakuna uongo: umenunua jina hilo, umepata jina hilo. Ya nne ndiyo feki, spea iliyovaa jina la mwingine.

Tofauti hii ina uzito. Spea ya bei nafuu yenye jina lake si feki, na mwenye kipato kidogo halazimiki kununua boksi la Toyota kwa kila kitu. Anachostahili ni kuambiwa ukweli.

Kuna na udanganyifu usiohusu jina kabisa, na huku kwetu ni wa kawaida kuliko feki yenyewe. Mtumba uliooshwa kwa dizeli na kupakwa rangi nyeusi unaitwa mpya. Spea iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali hapahapa nchini inaitwa "imeshuka juzi kutoka Japani". Na spea ya gari jingine inapewa neno moja la hatari: "inaingia". Spea inaweza kuingia na isiwe yenyewe. Pedi ya breki iliyopungua milimita mbili upana inaingia vizuri sana, kisha inacheza kwenye kalipa yake kila ukikanyaga.

Bamba la gari ndilo linalozungumza

Usiagize kwa kusema "IST" au "Noah". IST pekee ina NCP60 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,300, NCP61 ya 1,500, na NCP65 ya 1,500 inayovuta tairi zote nne. Spea kadhaa za miguu na breki haziko sawa.

Fungua boneti utafute bamba dogo la chuma kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Lisipokuwepo hapo, angalia kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Lina modeli kamili, injini, na namba ya fremu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana VIN, ile namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi, mfano NCP61 kistari tarakimu saba. Programu ya simu inayodai tarakimu 17 itakataa, na si kosa la gari lako. Katalogi za mtandaoni kama Amayama na PartSouq zinakubali namba hiyo fupi. Piga picha bamba zima, ihifadhi kwenye simu, na mpe fundi wako nakala.

Kwenye katalogi utapata namba ya spea. Za Toyota kwa kawaida zina tarakimu kumi, tano kwa tano, na wakati mwingine herufi huingia kwenye tano za mwisho. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu, tano za mwisho zinataja kwa ajili ya gari lipi. Ukizijua chache hutayumbishwa kirahisi: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 pedi za nyuma, 04495 breki shuu za nyuma, 43330 boli jointi ya chini, 45046 tairodi endi, 48510 shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, 48820 stabilaiza linki, 17801 filta ya hewa, 16100 pampu ya maji. Muuzaji akikutumia picha ya boksi la "pedi za mbele" lililoandikwa 04466, kuna mtu amechanganya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Jambo moja linawachanganya hata wazoefu. Watengenezaji hubadilisha namba: ya zamani inafutwa, inakuja mpya inayoishika nafasi yake. Kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho zikitofautiana si lazima iwe feki. Rudi kwenye katalogi, itakuonyesha kama namba mpya imeirithi ya zamani. Na kwa spea za rangi, kama vishikizo vya mlango, huongezwa alama mbili mwishoni, herufi na tarakimu, kutaja rangi.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji

Kwa simu ya mdomo hakuna ushahidi, na masikio ya Kariakoo saa tano asubuhi yana kelele nyingi. Andika WhatsApp, kwa mfano hivi:

"Habari za kazi kaka. Naomba pedi za breki za mbele za IST, fremu ni hii kwenye picha, namba ya katalogi ni hii. Naomba za Advics au za boksi la Toyota. Kama huna, niambie una za jina gani na bei yake. Naomba picha ya boksi upande wenye lebo, picha ya pedi yenyewe mgongoni, na picha ikiwa imelala kando ya rula. Risiti iandikwe jina la spea, namba yake, na kama ni mpya au mtumba."

Muuzaji mwaminifu hatachukia. Atajibu kwa sababu wewe umemrahisishia, amepata namba na hatalazimika kubahatisha. Anayesema "niamini tu bosi, ni OG" na kukataa kupiga picha ameshakujibu.

Picha ya rula ina sababu. Pima spea uliyoitoa: urefu, upana, unene wa bamba la nyuma, umbali kati ya matundu ya bolti. Linganisha. Mafundi wengi hutuma sampo kwa basi, na kwa kitu cha kutatanisha kama pampu ya maji au ekseli ni njia nzuri, lakini inakula siku nzima. Picha yenye rula inamaliza kazi hiyo kwa dakika tano.

Ulizia bei maduka matatu. Mawili yakikaribiana na la tatu likawa nusu, uliza kwa nini kabla ya kufurahi. Lipa kwa Lipa Namba ya duka, si namba binafsi ya kijana wa kaunta, na soma jina la biashara linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Dai risiti ya EFD. Ile ina msimbo wa uhakiki unaoweza kuutazama kwenye tovuti ya TRA, na ikitokea ugomvi ndiyo karatasi pekee itakayosimama upande wako.

Stendini

Fungua boksi palepale kabla hujamwachia konda, huku mwenzako akirekodi kwa simu: kwanza kifungashio kikiwa hakijafunguliwa, halafu kinafunguliwa, halafu namba iliyo kwenye spea. Namba kwenye boksi na namba iliyochongwa au kupigwa chapa kwenye chuma zisomeke na ziendane. Spea isiyo na alama yoyote mwilini, ndani ya boksi lililojaa maandishi, ina maswali ya kujibu.

Lebo ya kweli ina uchapaji mkali, herufi hazijavuja wino, tahajia ni sahihi. Feki za zamani zilijulikana kwa makosa ya tahajia. Za sasa boksi lake linaweza kuwa zuri kuliko la kweli, kwa hiyo usiishie kwenye boksi. Wala maneno "Made in Japan" si hakikisho, na kukosekana kwake si kosa. Spea halali za Toyota hutengenezwa pia Thailand, Indonesia na China. Kuna watu wamerudisha filta halali kwa sababu iliandikwa Thailand, wakachukua feki iliyoandikwa Japani.

Boksi lililokaa muda mrefu kwenye duka la pwani huonyesha unyevu wa chumvi: pini za chuma zilizofungwa kwa karatasi zina kutu, kadibodi imelegea. Hiyo haimaanishi feki. Kwa beringi na kalipa, hata hivyo, usiichukue.

Breki, hapa usiwe na huruma

Kitu kimoja kikipata pesa yako yote, kiwe breki. Pedi feki hutengenezwa kwa kugandamiza chochote kinachopatikana pamoja na gundi. Kwenye barabara tambarare ya Mtwara kwenda Mikindani utaiona iko sawa. Mshushe nayo mtu kutoka juu ya Newala akiwa na mzigo: pedi inapata moto, gundi inatoa gesi kati ya pedi na diski, mguu unakanyaga mbao. Wakati mwingine sehemu ya kusugua inabanduka yote kutoka kwenye bamba lake.

Shika pedi mkononi uangalie mstari unaokutanisha sehemu ya kusugua na bamba la chuma. Pasiwe na mwanya wala ufa hata wa unywele. Kwaruza pembeni kwa funguo: nzuri inaacha mstari mwembamba, mbovu inamomonyoka kama tofali bichi. Zilaze nne pamoja, unene wake ulingane. Pedi mpya ya gari dogo huwa kama milimita 10 hadi 12 bila bamba, na huondolewa ikifika 3.

Soma pia maandishi ya mgongoni au pembeni. Pedi zilizothibitishwa kwa soko la Ulaya zina herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Nyingine zina herufi mbili mwishoni mwa msimbo, kama FF au GF. Herufi ya kwanza inaonyesha msuguano ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari linalobeba watu au mzigo, usikubali herufi ya pili ikiwa E. Feki nazo huandikwa herufi, kwa hiyo herufi hizi zinasaidia kuchagua baada ya vipimo vya mkono kupita, wala hazichukui nafasi yake.

Ukishafunga, zilainishe: kwenye barabara isiyo na magari, punguza mwendo taratibu kutoka kilometa 50 kwa saa hadi 10, mara kumi, ukipumzisha nusu dakika kila mara. Harufu kidogo ni kawaida. Moshi mzito, mlio wa chuma au mguu kuwa mgumu bila gari kusimama, rudi gereji siku hiyohiyo.

Mafuta ya breki yanaghushiwa pia, na watu hawayaangalii kwa sababu ni chupa ndogo. Ya daraja la DOT 3 yakiwa halali hayachemki kabla ya nyuzi joto 205, ya DOT 4 kabla ya 230. Yakishanyonya maji hushuka hadi 140 na 155. Huku pwani hewa ina unyevunyevu, kwa hiyo nunua chupa ndogo iliyofungwa, tumia, inayobaki mwaga. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya maji. Kipimo chake ni rahisi: weka matone machache kwenye glasi ya maji safi ukoroge. Mafuta halisi ya DOT 3 na DOT 4 yanayeyuka ndani ya maji. Yakielea juu, hayo ni mafuta ya madini, na yakiingia kwenye mfumo yatavimbisha mipira yote ya masta silinda na kalipa. Kuyasafisha peke yake hakutoshi, itabidi mipira ibadilishwe. (DOT 5 ya silikoni nayo haichanganyiki na maji, lakini magari yetu ya kawaida hayaitumii.)

Oili ya injini

Oili feki ndiyo ngumu kuliko zote kuitambua kwa macho. Oili chakavu iliyochujwa na kutiwa rangi hung'aa kama mpya. Usidanganywe na anayeitambua kwa kuipaka kati ya vidole. Vidole havipimi viungo vya kusafisha wala vya kuzuia kutu. Unachoweza kukagua ni dumu. Pete ya mfuniko iwe imeshikana kabisa na ikatike unapofungua mara ya kwanza, karatasi ya ndani ibanduke kwa nguvu na isiwe na alama ya gundi ya pili. Namba ya uzalishaji iliyochapwa kwenye dumu isifutike kwa kucha. Ukinunua madumu matatu na yote yana lebo zilizopinda kwa namna tofauti, yaache. Dumu la lita 4 linapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 3.6 pamoja na plastiki yake. Mizani ya dukani inatosha kugundua lililopunjwa.

Nunua oili kwa muuzaji mmoja anayechukua kwa wakala, kila mara huyohuyo. Na omba dumu lifunguliwe mbele yako wakati fundi anamimina.

Filta

Filta ya oili uichungulie kupitia matundu yake. Ndani ya duara la matundu madogo kuna ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Usukume kwa kijiti: uwe laini, ukae tena mahali pake. Feki nyingi hazina ulimi huo au unao mgumu kama plastiki, na dalili yake ni taa ya oili kukawia kuzima kila asubuhi na injini kugonga sekunde mbili tatu. Mpira wa nje uwe umekaa ndani ya mfereji wake, usichomoke kwa kuguswa.

Kama una shaka na aina fulani, baada ya safari zake ikate iliyotumika kwa msumeno uione: mikunjo ya karatasi ilivyopangwa, kama imelaliana, kama gundi ya miisho imeachia. Fundi akikata filta mbili za aina mbili na kuziweka mezani, hahitaji tena kubishana na mteja.

Filta ya hewa huku kusini inafanya kazi kuliko mahali pengi. Msimu wa korosho malori yanapishana na magari madogo kwenye barabara za vumbi za Liwale, Nanyumbu na vijiji vya Newala, na vumbi likipita ni msasa ndani ya silinda. Washa tochi ya simu nyuma ya karatasi ya filta: mwanga uenee sawasawa, pasiwe na kitundu king'avu. Hesabu mikunjo ulinganishe na ya filta halali uliyoitoa. Ikipungua sana, karatasi ni ndogo. Mpira wa pembeni uwe laini na uzibe kuzunguka kote. Baada ya kilometa 1,000, fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, filta hiyo haichuji, ing'oe hata kama inaonekana mpya.

Plagi

Hizi zinaghushiwa sana kwa sababu ni ndogo na bei ya iridiamu ni nzuri. Plagi ya iridiamu ya Denso au NGK ina ncha nyembamba kama sindano, milimita 0.4 hadi 0.6. Ukiona ncha nene iliyochongwa kidogo juu ili ionekane nyembamba, hiyo ni nikeli ya kawaida. Ncha ya kati isimame katikati kabisa chini ya mkono wa juu. Wosha haitakiwi kuchomoka kwa kuzungushwa na vidole. Nyuzi zake ziwe laini, zinazong'aa.

Kwenye misimbo ya kampuni hizo mbili, 11 mwishoni maana yake mwanya ni milimita 1.1, hivyo chukua fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya) upime. Herufi R inamaanisha kuna kizuizi cha umeme ndani. Weka maltimita kutoka kichwa cha juu hadi ncha ya kati, utapata takriban omu 5,000. Ikisoma sifuri, au isisome kabisa, irudishe.

Beringi, boli jointi na shokapu

Beringi ya kweli imechongwa namba kwenye pete yake, na ukipitisha kidole hauhisi wino. Nyingi za udanganyifu ni beringi zilizotumika zikang'arishwa kwa mashine: utaona mikwaruzo ya duara kwenye pete ya nje, na pembe zilizopoteza ukali. Namba inakuambia ukubwa. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani: 6204 ni milimita 20. Kampuni ya beringi ya SKF ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, na ya Schaeffler ina OriginCheck. Zote zinasaidia kuhakiki kabla hujafunga.

Boli jointi mpya na tairodi endi ziwe ngumu kuzigeuza kwa kidole kimoja na zijongee bila kukwama. Iliyolegea toka kwenye boksi haitafika mbali. Bonyeza mpira wake usikie grisi ndani. Feki nyingi ni kavu. Chapa za Kijapani zinazopendwa na mafundi ndizo zinazoigwa zaidi, kwa hiyo jina kubwa lisikupunguzie ukaguzi.

Shokapu isimamishe wima uibonyeze hadi mwisho mara tano. Uzito uwe uleule njia nzima, bila sehemu tupu. Ya gesi inapanda yenyewe ukiiachia. Rangi mpya juu ya kulehemu kwa zamani utaiona ukikwaruza karibu na mguu wa chini.

Betri, pima volti kabla ya kuchukua: iliyojaa ina 12.6. Chini ya 12.4 imekaa sana au imechajiwa na kuuzwa tena. Angalia kama nguzo zina alama za kubanwa.

Mtumba wa haki

Hatuwakatazi watu mtumba. Mlango, taa, kioo cha pembeni, altaneta, stata, hata gia boksi iliyokaguliwa vizuri: mtumba halali mara nyingi hushinda kopi mpya. Usichukue mtumba wa pedi, mikanda, mipira ya maji, filta, plagi wala bushi. Mpira huzeeka hata ukiwa kwenye rafu.

Injini ya mtumba, soma namba iliyopigwa kwenye bloku, si iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi. Zungusha puli kwa spana mizunguko miwili kamili, fungua mfuniko wa oili utazame kama kuna ute mzito au rangi ya maziwa, na andikiana siku za kujaribu. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari lako, kwa hiyo dai risiti inayoitaja na upeleke mabadiliko TRA. Injini isiyo na karatasi inaweza kukukuta kituo cha polisi ukieleza jambo usilolijua.

Wewe na fundi wako

Mpe fundi ujira wake kamili na wazi. Fundi anayelipwa vizuri kwa kazi yake hana haja ya kutafuta chake kwenye bei ya spea. Mwambie mapema kwamba unataka spea kuukuu zote zirudi kwako zikiwa ndani ya maboksi ya mpya. Unaona kilichotoka na kilichoingia, na namba ya boksi unaiandika kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilometa.

Vifaa vya sevisi viweke nyumbani mapema: filta mbili za oili, moja ya hewa, seti ya pedi za mbele, chupa ya DOT. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar pale Somanga, kilichokuwapo dukani ndicho kilichofungwa. Mwenye akiba hakulazimika kuchagua kibaya.

Ikishakufika mkononi

Usiifunge. Spea iliyofungwa na kuchafuka, muuzaji anaweza kuikataa. Tuma video ya stendi, picha ya namba, na risiti, uombe kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, kwa maandishi na kwa heshima. Wengi hurudisha, hasa wakiona umejipanga.

Akikataa, peleka suala Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Bidhaa iliyo chini ya kiwango iko kwa Shirika la Viwango, TBS, lenye ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Nenda na boksi, spea, risiti na mazungumzo ya simu, vyote.

Na maboksi ya spea halali ulizozifunga, yakishapita muda wa kurudisha, yachane. Madumu ya oili yatoboe matundu mawili kwa msumari na uukate mfuniko. Dumu zima lenye lebo safi, likitupwa nyuma ya gereji, ndilo linalojazwa oili chakavu wiki ijayo na kuuzwa kwa jirani yako.